Mashine ya Klabuni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu saa nane mchana. Nilifunga ofisi, nikachukua ufunguo kwa mlinzi, nikaenda klabuni kama kawaida. Klabu ya wafanyakazi haina wateja siku hizi. Mashine ya kukimbilia iko palepale, kwenye chumba kilichokuwa cha meza ya biliadi. Iliachwa na meneja mmoja aliyehamishwa. Inatazama ukuta. Rangi ya ukuta imebanduka, pakabaki umbo la ng'ombe asiye na kichwa. Huyo ndiye mwenzangu. Nakimbia, namtazama, hasemi kitu.

Napenda hivyo. Niandike wazi kwa sababu hapa hakuna atakayesoma: napenda kukimbia ndani, na napenda kukimbia peke yangu. Hakuna tope. Hakuna mbwa. Hakuna mlima. Nchi hii yote ni mlima. Ukishuka ujue utapanda. Ndani kuna mkanda unaolia kidogo kila mguu wa kushoto unapotua, na mvua juu ya mabati. Harufu ya majani ya chai yanayonyaushwa kiwandani inaingia dirishani. Nikimaliza shati limeloa chepechepe, na sijaenda popote.

Daktari wa presha alisema nikimbie. Hakusema wapi.

Jumatano, 5 Machi

Achieng alirudi giza likiingia, tope mpaka magotini. Alikula ugali wake akamalizia wa mama yake. Msichana wa kidato cha tatu anakula kama dereva wa lori.

Anafanya mazoezi na wasichana wa shule, jioni baada ya masomo na Jumamosi asubuhi. Wanapanda barabara za mashamba ya chai kundi moja, wanaimba kwa Kipsigis, na yeye anaimba nao. Alizaliwa hapa. Kijaluo chake kina matundu, Kipsigis chake hakina. Mimi nilikuja kutoka ziwani nikiwa kijana, na sanduku moja, kupanga safari za malori ya majani. Bado napanga malori. Bado naogopa baridi.

Wiki iliyopita alikuwa wa kwanza katika mbio za shule za eneo letu. Wa kwanza mbele ya wenyeji wenyewe! Leo kiwandani wananipa mkono kana kwamba mimi ndiye niliyekimbia. Fundi wa boila, ambaye sisi watu wa ziwani hutuita samaki, akaniambia, "Baba Achieng, kumbe samaki inajua kukimbia!" Nikacheka mpaka nikakohoa.

Nimefurahi. Nimefurahi kupita kiasi, na sioni haya.

Jumamosi, 8 Machi

Stima imepotea. Kiwanda kina jenereta, klabu haina. Nilikaa mbele ya mashine iliyokufa kama mtu aliyefika kwa kinyozi akakuta pamefungwa. Mwishowe nikatoka nje.

Kosa. Huku mtu akikimbia wanamuuliza anajiandaa kwa reisi gani. Hawaelewi mtu mzima kukimbia polepole kwa hiari yake. Watoto wenye gambuti walinipita, wakanisubiri, wakanipita tena. Wakacheka mara zote mbili. Halafu Kogo Rael, bibi jirani yetu, akanipita akitembea, mtungi wa maziwa mgongoni.

"Papa Achieng, nani anakufukuza?"

Papa. Ndivyo anavyotamka "Baba", na kwa miaka yote hii nimezoea kuitika.

"Daktari, Kogo."

"Basi ongeza. Huyo daktari amekukaribia."

Nikicheka nakosa pumzi, nikikosa pumzi nasimama. Nilikuwa nimesimama hivyo, mikono magotini, kundi la wasichana lilipotokea kwenye kona. Achieng mbele yao kwa hatua nyingi. Nyuma kabisa Mwalimu Koech, kocha wao, amepakiwa kwenye pikipiki, saa mkononi. Niliinua mkono. Achieng aliniona. Najua aliniona. Akatazama chini akapita.

Sikuendelea kukimbia. Nilirudi nyumbani nikitembea, tope limeingia kwenye soksi.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Pasta alimtaja Achieng akiwa mimbarini, akamwombea miguu yake. Watu wote wakageuka kumtazama. Yeye alikuwa akitazama vidole vyake.

Sikumuuliza kuhusu jana. Mtoto akimwonea haya baba yake mnene anayehema barabarani, utamuuliza nini? Jibu unalo.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu Koech alikuja kwetu kota jioni. Mtu mzuri. Alivua viatu mlangoni ingawa tulimwambia asivue. Akanywa vikombe viwili vya chai kabla ya kusema kilichomleta.

Kuna kambi ya mazoezi kule Kimulot, karibu na msitu, likizo yote ya Aprili. Huko ni juu, hewa nyepesi, mapafu yanajifunza. Wanachukua wasichana wachache sana. Shule yetu imepewa nafasi moja. Anataka kumpa Achieng.

Nilisema ndiyo kabla hajafunga mdomo.

Mama Achieng alinitazama. Achieng alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo. Akasema, "Asante, Mwalimu." Akarudi ndani. Nikasikia sufuria zikioshwa kwa muda mrefu. Sufuria zenyewe zilikuwa mbili.

Sijui kama nitalala leo. Naona jina letu limeandikwa pahali.

Jumatano, 12 Machi

Nimewaambia wote. Ofisi, boila, wapakiaji, mama wa kantini. Madereva wananipigia honi langoni. Mmoja anayeenda Kericho nimemwagiza viatu vya Achieng, vile vyepesi vyenye meno chini. Jioni nilikimbia vizuri. Ng'ombe wa ukutani alikuwa kama anatabasamu, na hana kichwa.

Ijumaa, 14 Machi

Achieng anasema tumbo linamuuma. Hakwenda mazoezini. Amekula kidogo. Mama yake amempa maji ya tangawizi.

Viatu vimefika. Vyekundu. Alivijaribu, akasema vinatosha, akavirudisha ndani ya boksi.

Jumatatu, 17 Machi

Tumbo limepona. Alienda mazoezini Jumamosi, na leo pia. Amerudi giza likiingia, shati limeloa jasho. Vizuri.

Lakini viatu. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo, na barabara ya juu imekuwa uji. Viatu vyake vya zamani, anavyofanyia mazoezi, viko safi mlangoni. Safi kabisa. Nimeviinua nikaangalia chini.

Nilimwambia Mama Achieng. Akasema labda ameviosha. Nikasema tangu lini. Akasema, "Muache mtoto apumue." Mama Achieng huwa anajua jambo mbele yangu na hataki kulisema.

Jumatano, 19 Machi

Mwalimu Koech amenipigia simu nikiwa kazini. Anauliza kama Achieng amepata nafuu. Hajamwona tangu wiki iliyopita.

Nilisema anaendelea vizuri. Nimemdanganya mwalimu wa watu. Sikujua niseme nini kingine.

Kila jioni mtoto anatoka na viatu. Kila jioni anarudi na jasho. Anatoka wapi na hilo jasho? Nimekaa na malori yangu siku nzima na sijaona hata moja. Nimepeleka lori la Mogogosiek kwenye kituo kisicho na majani. Nilikuwa nawaza mvulana. Niandike tu. Nilikuwa nawaza mvulana fulani mwenye pikipiki, ambaye hata hayupo, nami nikawa namkasirikia.

Jioni sikukimbia. Wiki hii sijakimbia hata siku moja. Magari yamekuwa yakichelewa kwa tope, na mimi nachelewa nayo.

Alhamisi, 20 Machi

Niliomba ruhusa nikatoka mapema. Nikapita shuleni, wasichana wameshatoka. Nikawaona mlimani, kundi lao, nguo za njano kati ya chai. Achieng hayuko. Nikateremka moyo ukinipiga, na si kwa sababu ya presha.

Nilipopita klabuni nikasikia mashine.

Sijawahi kuisikia hivyo. Kwangu inalia kila mguu wa kushoto. Leo ilikuwa inavuma mfululizo, kama cherehani ya fundi mwenye haraka. Nikasukuma mlango.

Ni Achieng. Anakimbia mbele ya ukuta wangu. Macho karibu yamefumba. Miguu huioni, unaona tu kivuli chake. Na alikuwa anatabasamu. Tangu Mwalimu alipokuja kwetu sijamwona akitabasamu.

Ningesimama tu nikatazama ningekuwa mtu mwenye akili. Sikusimama. Nilipiga kelele. Nilimwambia watu wanatafuta nafasi kama hiyo kwa maombi, yeye amepewa bure, halafu anakuja kujificha ndani kama panya wa stoo. Nilimwambia nimeshatangaza kwa kila mtu. Nilisema hilo mara mbili.

Alizima mashine. Akapangusa mahali pa kushikia kwa sweta yake, taratibu, huku na huku. Akapita kando yangu akatoka.

Mlinzi alikuwa nje, amesikia yote. Akasema ndiye aliyempa ufunguo. Alidhani nimemtuma.

Ijumaa, 21 Machi

Nyumba kimya. Achieng aliniamkia kwa adabu, akaenda shule.

Usiku Mama Achieng alinisubiri nimalize ugali. Aliyosema ni machache. Niyaweke hapa nisije nikayageuza.

"Ulimuuliza lini kama anataka kambi?"

Nikavuta mboga karibu.

"Wanaume wa kiwanda walipokuambia ukimbie nao Jumamosi, ulikataa. Ulisema unataka kuwa peke yako, ndani, bila kelele za mtu. Nani alikuita panya?"

Akachukua sahani yangu akaenda nayo. Nilikuwa sijamaliza mboga.

Jumamosi, 22 Machi

Jua leo, la kwanza kwa siku nyingi. Achieng alikuwa anafua sare kwenye mfereji nyuma ya kota. Nilienda nikakaa juu ya jiwe. Sikujua pa kuanzia, nikachukua shati lililofuliwa, nikalisuuza. Nikasuuza na sketi. Akanitazama nikikamua, akasema, "Baba, utairarua." Ukiacha salamu, hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza tangu Alhamisi.

Nilimwambia sikupaswa kusema nilivyosema. Akasema, "Sawa." Akaendelea kufua. Nikamuuliza kama anachukia kukimbia.

Hapo akaacha kufua.

Alisema anapenda. Tangu darasa la nne anapenda. Alipenda kukimbia na wasichana, akapenda nyimbo, akapenda kukimbia bega kwa bega na Chelangat, rafiki yake, wakisengenya walimu mpaka juu ya mlima. Kisha akaanza kushinda. Sasa wanakimbia nyuma wakiangalia mgongo wake. Hakuna anayeimba akiwa mbele. Mwalimu anamfuata na saa. Watu wa barabarani wanapiga kelele za namba. Kanisa linaombea miguu yake. Kogo Rael amemwambia akishinda Ulaya amletee blanketi.

"Nikaingia tu klabu siku moja nione unafanyanga nini huko ndani," akasema. "Nikapanda. Hakuna mtu. Hakuna mahali pa kufika. Nikakimbia mpaka nikasahau."

Akakamua soksi.

"Baba, wewe ukikimbia hakuna mtu anakuuliza umekuwa namba ngapi. Na mimi nataka hiyo."

Maji yalikuwa yanamwagika kwenye ndoo iliyojaa, hakuna aliyefunga mfereji.

Nikakumbuka kumuuliza kuhusu ile siku barabarani, alipotazama chini. Nilimwambia nilidhani ananionea haya. Alishangaa kweli, mdomo wazi. Akasema alijua akiniangalia atasimama twende pamoja, na Mwalimu alikuwa nyuma na saa.

Nimeandika hili kwa shida. Nimelisoma, nimeliacha hivyo hivyo.

Jumapili, 23 Machi

Sitaki kuiacha kambi. Niseme ukweli kwenye karatasi yangu mwenyewe. Nataka kuwa baba wa bingwa. Nataka honi langoni. Nilikuwa karani wa malori, nikawa mtu anayepewa mkono, na ni kitu kitamu sana.

Kanisani nilijaribu kuomba. Nilichopata ni usingizi.

Jumanne, 25 Machi

Nilienda kwa Mwalimu Koech jioni. Nilimkuta anakamua ng'ombe. Hakusimama, akanisogezea kigoda kwa mguu. Nikasema mbele ya ng'ombe yule: Achieng haendi kambi. Si mgonjwa. Hataki. Na ile simu nilikudanganya.

Aliendelea kukamua kwa muda. Maziwa yalikuwa yanagonga ndoo kwa nguvu kuliko kawaida.

"Mzee," akasema, "mtoto kama huyo mimi nimengojea kwa miaka. Kipaji sio ya mtu mmoja."

Nikasema kweli, lakini miguu ni ya mtu mmoja.

Sijui hayo yalitoka wapi. Mimi si mtu wa majibu. Aligeuka akanitazama, nikadhani atanifukuza. Amekasirika, na ana haki. Akasema nafasi itaenda kwa Chelangat. Nilisikia kama nimeng'olewa jino. Chelangat ni binti mzuri, kamaliza wa pili, miguu yake ni mirefu. Nikasema ni vizuri. Nusu yangu ilimaanisha.

Aliponisindikiza mpaka kwenye ua alikuwa bado na ndoo. "Mwambie asipotee kabisa," akasema. "Akitaka kuimba na wengine, aje. Nitaacha saa nyumbani siku hiyo." Hakutabasamu, lakini alisema.

Nilimwambia Achieng jikoni. Hakuruka, hakulia. Aliketi juu ya gunia la viazi, akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Kisha akauliza kama kuna ugali umebaki.

Jumatano, 26 Machi

Siku ya kuwaambia watu. Mbaya kama nilivyotarajia. Fundi wa boila alidhani nafanya mzaha. Mama wa kantini alisema watoto wa siku hizi. Mpakiaji mmoja akasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba samaki hurudi majini. Wengine wakacheka. Nilitaka kumjibu, nikameza.

Hakuna honi leo. Lori zinaingia na kutoka kama lori.

Jioni nilikimbia, nikajisikia mzito. Hata hivyo nilikimbia.

Jumamosi, 29 Machi

Sasa tuna tatizo jipya nyumbani. Mashine ni moja na wakimbiaji ni wawili.

Mimi naitaka saa kumi na moja. Achieng naye anaitaka saa kumi na moja. Nilisema mimi ndiye mwenye presha. Yeye akasema yeye ndiye mwenye mtihani, anahitaji kusoma usiku. Mama Achieng akasema tukimuuliza yeye, atauza hiyo mashine kwa mtu wa vyuma. Tukaenda wote wawili. Tukakubaliana aanze. Nikakaa kwenye kiti kilichovunjika mgongo, nikasoma gazeti la juzi, yeye anavuma.

Mara stima ikapotea.

Mkanda ukasimama naye akashikilia. Tukakaa hapo tukisikiliza jenereta ya kiwanda ikianza. Achieng akasema, "Twende nje."

Nikasema watoto wenye gambuti. Nikasema Kogo Rael. Akasema kuna njia ya nyuma, kwenye matangi ya maji, inapita katikati ya chai mpaka mtoni. Wachunaji wakishatoka hakuna mtu.

Nilienda. Alinitangulia mbio mpaka karibu kupotea, akageuka akarudi, akanizunguka, akatangulia tena. Mimi nilikimbia njia hiyo mara moja, yeye aliikimbia labda mara nne. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni. Chai imekatwa sawasawa pande zote mbili, majani yanadondosha maji juu ya miguu. Hatukuongea. Nilipotembea alikuja akatembea, mpaka nilipopata pumzi. Kwenye mteremko niliteleza nikakaa chini, tope mpaka mfukoni, Achieng akacheka hadi akashika mti. Nikamwambia anisaidie kuinuka. Akasema subiri kwanza amalize kucheka.

Napenda ndani kuliko nje. Sijabadilika. Nje kuna mlima, kuna tope, na suruali hii haitatakata. Lakini nilifika nyumbani nikaongea mpaka Mama Achieng akaniambia nimuachie nafasi ale.

Jumatano, 2 Aprili

Achieng alienda mlimani na wasichana leo. Mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Nilisikia nyimbo zao nikiwa ofisini. Sauti yake siwezi kuitenga na za wengine. Nilijaribu.

Jumamosi, 5 Aprili

Shule imefungwa. Chelangat ameondoka kwenda Kimulot. Achieng alimsaidia kubeba godoro mpaka kwenye gari, kila mmoja na upande wake, wakianguka na kucheka njia nzima. Amempa vile viatu vyekundu. Hakuniuliza kwanza. Chelangat alikuwa amevivaa tayari.

Gari lilipoondoka nilihisi kitu kikinibana chini ya kifua. Wivu. Ulikaa mpaka karibu saa sita, ukapungua. Mchana nilimpigia Mwalimu Koech nikamtakia Chelangat kambi njema. Alishukuru. Akanipa na salamu za ng'ombe.

Jumapili, 6 Aprili

Niliamka nikisikia kitasa. Bado giza. Nikajua ni Achieng anatoka. Mama Achieng aligeuka akasema, "Anaenda peke yake?" Nikasema ndiyo. Hakuna aliyeinuka kati yetu. Tulilala tukisikiliza hatua zake kwenye changarawe mpaka zikaisha.

Nilichemsha chai mwenyewe. Kumekucha polepole, kwanza kijivu, kisha kijani. Kogo Rael amepita na maziwa akatuachia kikombe kimoja juu ya ukuta. Baridi si mbaya leo, au labda baada ya miaka hii yote nimeanza kuizoea.

Achieng amerudi jua likiwa limeshashika matangi. Mvuke unatoka mabegani. Ameketi kwenye ngazi, nimempa kikombe, amekishika kwa mikono miwili.

Anasema ameona mbega kwenye miti ya mtoni. Familia nzima, weusi na mikia mirefu myeupe. Mmoja amebeba mtoto.

"Mtoto wao ni mweupe, Baba. Mwili wote. Mweupe kama pamba."

Alisimama kuwatazama, anasema, mpaka jasho likamkaukia.

Mama Achieng ametoka na leso mabegani, akauliza mweupe mpaka uso? Achieng anasema uso ni wa waridi. Wakaanza kubishana kama baadaye atabadilika awe mweusi, na kama mama yake atamtambua. Nimewasogezea mkate. Ibada ni saa nne. Bado tuna muda.